412 ya Mzee Masanja

Hapana, Elia, hilo silikubali. Ungelisema zamani, enzi zangu za hasira, ningekurushia kiatu. Sasa nina miaka thelathini na sita, nakurushia maneno tu. Mzee Silvano hakuharibu mguu wa Masanja. Sikukujibu jana kwa sababu duka lilikuwa na watu, na kwa sababu nyingine ambayo nitaisema nikishapata nguvu.

Nyie wengine mnaosoma hii hammjui Elia wala Silvano, ngoja niwaweke sawa. Elia ni kijana wa maabara, amemaliza chuo juzi juzi, anajua vitu, simkatai. Alikuja dukani kwangu hapa Shanwe kununua sabuni. Tukaanza kuongelea msiba wa Mzee Silvano, aliyezikwa Kibaoni mwezi uliopita. Mi namlilia mzee wangu, yeye ananiambia, "Dada Getruda, tuweke mapenzi pembeni. Ile karatasi iliyomlemaza yule Msukuma wa Kasokola ilikuwa na sahihi ya nani?"

Sahihi ilikuwa ya Silvano. Haya, nimekubali hilo moja. Sasa kaa usikilize yaliyobaki, na uwaite na wenzako wenye makoti meupe, maana nawaandikia nyie wote.

Mimi ni mstaafu. Cheka. Niliingia maabara moja ya binafsi hapa Mpanda nina miaka ishirini, kazi yangu kufagia na kuosha vioo. Nikatoka baada ya miaka kumi na tatu, naendesha mashine mwenyewe. Cheti sina. Wakaguzi walikuja wakasema asiye na usajili asiguse sampuli ya mtu, nikavua koti, nikalikunja, nikaondoka. Nilitukana njia nzima mpaka nyumbani, lakini walikuwa sahihi.

Nilijifunza kwa kusoma vile vikaratasi vinavyokuja ndani ya boksi za kemikali. Vimeandikwa Kiingereza, herufi kama sisimizi. Nilikuwa na kamusi iliyochanika, nasoma huku mikono ina povu. Siku moja Mzee Silvano, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa maabara yetu, akanikuta.

"We Getruda, unasoma nini hapo?"

"Karatasi ya hii dawa, mzee."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba ikikaa kwenye joto inakufa. Na boksi mmeliweka dirishani."

Akaangalia dirisha, jua la Mpanda limepiga boksi zima. Alilibeba mwenyewe akaliweka kwenye friji, halafu akaniletea stuli. Kuanzia hapo nilikuwa naosha vioo nimekaa, na yeye ananifundisha.

Alikuwa Mpimbwe wa Kibaoni, mtu wa kanisa, mpole mpaka unakereka. Mi nikifoka, yeye anafuta miwani. Kitu alichonifundisha kwa muda mrefu kuliko vyote ni hiki kipimo mnachokichukulia poa, cha yuriki asidi. Alikuwa anasema malaria ukikosea, mtu atarudi kesho kukugombeza, lakini hiki ukikosea mtu anakuamini, anakwenda nacho nyumbani, anaishi nacho.

Yuriki asidi ni nini? Ni uchafu. Mwili unavunja vitu vyake wenyewe na baadhi ya vyakula, unabaki huo uchafu, figo zinautoa kwenye mkojo. Ukizidi kwa muda mrefu, kwa watu wengine unaganda kama vichembe vya chumvi ndani ya kiungo, kiungo kinawaka moto. Hiyo ndiyo gauti, wengine wanaita jongo. Sikiliza lakini nilivyosema: kwa watu wengine. Wapo wanaotembea na yuriki asidi ya juu mpaka wanazeeka, hakuna hata kidole kinachowauma.

Kulikuwa na mwalimu mmoja hapa mjini, alipimwa kwa kujipendea tu, ikatoka nane na nusu. Juu kidogo. Hana maumivu, hana uvimbe. Badala ya kwenda kwa daktari akaenda kwa majirani. Baada ya miezi kadhaa mke wake akatuvamia maabara, mikono kiunoni.

"Nyie ndio mmemkataza mume wangu maharage?"

Mzee Silvano akasema, "Mama, sisi tunapima tu. Maharage tumeyakataza wapi?"

"Anakula mchicha kama sungura! Ninapika sufuria mbili! Na bia hajaacha!"

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Basi maharage yameonewa bure, mama. Angeanza na hiyo bia. Mwambie aje, aende na karatasi yake kwa daktari, wapime na figo." Mwalimu alikuja, kichwa chini. Nasikia maharage yalirudi wiki hiyo hiyo.

Na kinyume chake kipo. Mtu anakuja kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka hataki limguse. Unapima, unakuta kawaida kabisa. Unamwambia huna gauti? Utakuwa umemdanganya. Wakati kiungo kinawaka, namba kwenye damu inaweza kushuka. Daktari anamwangalia yeye kwanza, na kipimo kinarudiwa wiki mbili au zaidi maumivu yakishatulia. Hilo nililisoma kwenye kitabu nikambishia mzee wiki nzima kwamba haiwezekani. Akaniacha nibishe. Siku mgonjwa wa namna hiyo alipokuja akanipa mimi nipime. Tano nukta nane. Nikapima tena. Tano nukta nane. Mzee anafuta miwani. Nilitamani anitukane.

Ndiyo maana kabla ya sindano mnauliza. Unatumia dawa gani? Vidonge vya kukojoa vya presha vinapandisha. Aspirini kidogo kidogo ya kila siku inapandisha. Kuna dawa moja ya TB, ile ya miezi ya mwanzo, inapandisha haswa. Alikuja kaka mmoja wa machimboni yupo kwenye dawa za TB, viungo vinamuuma, namba iko juu, akasema anaacha dawa zote. Mzee alimshika mkono. "Mwanangu, hii namba itashuka ukimaliza hiyo dawa. TB ukiiachia njiani haishuki. Peleka karatasi hii kwa daktari wako, mwambie viungo vinauma. Dawa usiache." Alimshika mkono mpaka akaitikia.

Muulize pia amekunywa nini jana. Muulize amekuja na nini, maana aliyeendesha baiskeli kilometa nyingi juani bila maji, damu yake imekauka na namba inapanda. Na sindano uivute taratibu. Ukivuta kwa papara damu inavunjika, majimaji ya juu yanakuwa mekundu kama juisi ya rozela. Hiyo mwaga, omba msamaha, toa nyingine. Mwanamke kiwango chake cha kawaida kiko chini kuliko cha mwanamume, usimsomee cha mume wake.

Sasa tuje kwenye kilicholeta balaa.

Hiki kipimo kina lugha mbili. Mashine yetu ya zamani ilikuwa inatoa miligramu kwa desilita, namba ndogo: tano, sita, saba. Fomu zetu za majibu zilichapwa kwa lugha hiyo, pembeni pameandikwa kawaida ya mwanamume, 3.4 mpaka 7.0. Ile mashine ikafa. Ikaja mpya, yenyewe inatoa maikromoli kwa lita, namba kubwa: mia tatu, mia nne. Damu ni ile ile, imebadilika lugha tu. Ukitaka kujua, chukua namba kubwa gawa kwa sitini, unakaribia kabisa.

Fomu za zamani zilikuwa zimejaa kabati, bosi hataki kuzitupa. Mzee Silvano akatoa agizo: kila fomu, kabla hujaandika jibu, futa kwa kalamu ule mstari wa zamani, andika kwa mkono kawaida mpya na lugha yake. Kila fomu, hata kama foleni imefika barabarani.

Na alikuwa na tabia moja, Elia, hii nakupa uitumie ukitaka. Siku za watu wengi alikuwa anasaini fomu zangu asubuhi kabla hazijaandikwa. Alikuwa ananiambia, "Namba zako ni namba zangu." Ilikuwa makosa. Najua. Lakini nilikuwa na miaka minane pale na alikuwa hajawahi kukuta nimekosea, na mimi kwa sentensi ile ningeweza kulala mlangoni kwake kumlinda.

Siku aliyoletwa Masanja ilikuwa Jumatatu, watu wamejaa mpaka nje. Masanja ni mfugaji wa Kasokola, familia yake ilishuka huku na ng'ombe kutoka Usukumani. Binti yake, Kabula, alimleta kwenye bodaboda, wamembana katikati. Goti la kulia limevimba. Zahanati ilikuwa imewaandikia waje kupima yuriki asidi, basi. Kabula akaja dirishani kwangu.

"Dada, naomba tuanze. Baba anaungua."

"Kaa kwenye foleni."

"Dada, mguse tu. Anaungua, mguse."

"We mdada, unawaona hawa wote? Wote wana baba! Kaa!"

Nilifoka hivyo. Watu wengine walicheka. Kabula akakaa chini sakafuni, akaweka kichwa cha baba yake mapajani. Ilipofika zamu yao nilikuwa bado nimenuna. Nilimfunga mkono, nikavuta damu, sikumwangalia usoni. Sikumuuliza chochote. Nilimwangalia mshipa tu.

Mashine ikatoa 412. Nikaandika 412 kwenye fomu iliyosainiwa tayari, nikampa Kabula. Mstari wa pembeni sikuufuta.

Gawa wewe mwenyewe kwa sitini. Haifiki saba. Kwa mwanamume mtu mzima ile bado ni kawaida, ingawa iko karibu na mpaka. Lakini karatasi aliyobeba Kabula ilisema hivi: jibu 412, kawaida 3.4 mpaka 7.0.

Hawakurudi zahanati. Njiani waliingia duka la dawa, muuzaji akashika kichwa. "Mzee, hii sijawahi kuona. Umezidisha mara sitini!" Akawapa vidonge vya gauti na vya maumivu, akakataza nyama, akakataza maziwa. Mfugaji, amekatazwa maziwa. Na alitii. Siku nane Masanja anameza vidonge na kunywa uji mweupe, goti linazidi, homa inapanda. Kila jirani akisema mpelekeni hospitali, Kabula anatoa karatasi: si mmeona wenyewe, ni gauti, imezidi sana, itachukua muda kushuka.

Siku ya tisa wakamrudisha kwetu kupima kama imeshuka. Safari hii Mzee Silvano ndiye alikuwa dirishani. Hakuuliza fomu. Alitoka nje akachuchumaa mbele ya Masanja.

"Mwangaluka, baba." Alijua salamu za kila kabila.

Masanja akaitikia kwa sauti ya mtu aliye mbali.

Mzee akaweka kiganja kwenye goti. Akakiacha hapo. Halafu akaniita bila kugeuka. "Getruda, njoo uweke mkono."

Niliweka. Nimeshika vitu vya moto maishani, sufuria, vyuma vya jua. Lile goti nalisikia mpaka leo kwenye kiganja. Yale maneno ya Kabula, mguse tu, yakanirudia yote.

"Baba," mzee akauliza, "kabla ya kuvimba, ulichomwa na kitu?"

"Mwiba," Masanja akasema. "Nilikuwa nafunga zizi kwa miiba. Ulizama hapa. Ukatoka nusu."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Ndipo mzee akaomba karatasi. Kabula akaitoa kwenye kanga, imekunjwa vizuri kama cheti cha ubatizo. Mzee akaisoma. Aliona 412, akaona 3.4 mpaka 7.0, akaona mwandiko wangu, akaona sahihi yake. Niliona macho yake yanapita kwenye hivyo vitu vinne, kimoja kimoja. Akaikunja akaiweka mfukoni, akasimamisha gari la kwanza lililopita, akapanda nao mpaka hospitali ya mkoa.

Walitoa usaha kwenye lile goti. Mguu haukukatwa, wanaosema ulikatwa wanatia chumvi. Lakini usaha ulikuwa umeshakula ndani, na goti likakauka limenyooka. Masanja anatembea kwa fimbo mpaka chooni na kurudi. Nyuma ya ng'ombe hajatembea tena, na yeye alikuwa mtu aliyetoka nao Usukumani mpaka Katavi kwa miguu.

Bosi akaitisha kikao. Tulikuwa watatu tu chumbani. Akaweka ile karatasi mezani.

"Nani aliandika hii?"

Nilifungua mdomo. Naapa, nilifungua. Mzee Silvano akasema, "Sahihi ni yangu."

"Najua sahihi ni yako. Nauliza mwandiko."

"Mkuu wa maabara ni mimi. Karatasi yenye sahihi yangu nimeiandika mimi." Akanigeukia. "Getruda, nenda kazini. Watu wanasubiri."

Nikaenda.

Umeona, Elia? Mimi, mwenye mdomo wa kumfokea kila mtu foleni nzima, siku ile nilikwenda nikawasha mashine. Ijumaa mzee alikuwa ameshafungasha, amerudi Kibaoni kulima mpunga. Mimi nilikaa kwenye kiti chake miaka mitano. Fomu za zamani nilizichoma zote siku ya kwanza, bila kumuuliza bosi, na kila anayekuja kuhusu kiungo nilimgusa kwa mkono kabla ya sindano. Watu walinisifu. Walisema nimefundishwa vizuri.

Kwa hiyo jana uliponiuliza sahihi ilikuwa ya nani, hiyo ndiyo sababu ya pili niliyonyamaza. Makosa ya mzee ni kuniamini. Mguu niliuharibu mimi.

Usifikiri nimemaliza kwa kukwambia wewe. Leo asubuhi sikufungua duka. Nilikwenda Kasokola. Masanja amekaa nje kwenye kigoda, mguu umenyooka mbele yake kama mpini, anachambua maharage. Wanawe wako malishoni. Kabula aliniona, akanitambua palepale, akaingia ndani bila salamu.

Nilipiga magoti nikamwambia yote. Foleni, hasira, mstari ambao sikuufuta, kikao. Alinisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza akaendelea, mabovu anatupa huku, mazima anaweka huku.

"Yule mzee alikuwa anakuja hapa," akasema. "Kila mavuno. Anabeba mchele kutoka Kibaoni, anakaa hapo ulipo wewe, ananiomba msamaha. Mwaka wa kwanza nilimfukuza. Wa pili nikampokea mchele, sikumjibu. Wa tatu nikamsamehe, na akaendelea kuja."

Nilikuwa sijui. Mzee hakuwahi kuniambia. Nilikuwa namtembelea Kibaoni, tunakula ule mchele, ananiuliza mashine ikoje.

"Kwa hiyo msamaha niliompa," Masanja akasema, "haukuwa wake."

"Haukuwa wake, baba."

Akaacha maharage. Akaniangalia usoni, vile ambavyo mimi sikumwangalia Jumatatu ile.

"Mzee wa watu anapanda gari kutoka Kibaoni kila mwaka, na kifua chake kibovu, kuja kuniinamia mimi kwa kosa lako. Binti, we ulikuwa wapi?"

Nimerudi Shanwe, nimekaa, nimeandika haya, na bado sina jibu. Nyie mliosoma, mnaojua lugha zote mbili za kipimo na mna vyeti ukutani: mngemwambia nini?